Hewa ya moto na plastiki: kwa nini kazi moja inashika na nyingine inapasuka tena?

Mjini Lubumbashi, kitu cha plastiki kikipasuka hakitupwi haraka. Pareshoki ya teksi, beseni la mama muuza samaki, bidoni ya mayi, tangi la juu ya nyumba: vyote vinapelekwa kwanza kwa fundi. Kenya, Katuba, Kampemba ao Ruashi, utamkuta fundi anayetumia kisu kilichopashwa kwenye mbabula, na utamkuta yule mwenye mashine ya hewa ya moto. Mashine hiyo inafanana na ile ya kukaushia nywele, lakini hewa yake inaweza kufika digrii 500 ao zaidi.

Wateja wana lalamiko moja: «Nililipa, na kiisha juma mbili ikapasuka fasi ile ile.» Si lazima fundi awe mwizi, na pengine mashine yake ni nzima kabisa. Mara nyingi kilichokosekana ni kujua plastiki ya aina gani iko mkononi kabla ya kuwasha moto.

Moto mdogo kuliko ule wa shaba

Katanga inajua moto tangu zamani. Mababu waliyeyusha mawe ya kijani na kumimina shaba katika umbo la msalaba, misalaba ile iliyotumika kama feza katika biashara. Shaba inahitaji digrii 1085 ili iyeyuke. Plastiki ni mambo mengine. Ile ya bidoni inayeyuka kwenye digrii 130 hivi, na ile ya pareshoki nyingi kwenye digrii 160 hivi. Ukizidisha moto, plastiki haiyeyuki vizuri zaidi: inaungua, inabadilika rangi na kupoteza nguvu.

Kuna pia plastiki zisizoyeyuka kamwe. Mshikio mweusi wa sufuria, kwa mfano, ukiupasha moto unaungua tu. Fiba iliyotengenezwa kwa vitambaa vya kioo na utomvu iko vilevile. Vitu hivyo havichomelewi kwa hewa ya moto. Vinahitaji utomvu wake ao gundi yake.

Plastiki inashika ndugu yake

Plastiki imejengwa kwa nyuzi ndogo sana na ndefu, ambazo macho hayawezi kuziona. Ikiyeyuka, nyuzi za upande mmoja zinaingia katikati ya zile za upande wa pili na kujifunga. Ikipoa, sehemu mbili zinakuwa kitu kimoja. Lakini nyuzi za aina tofauti hazikubali kuchanganyika. Zinalala tu moja juu ya nyingine, kama mafuta juu ya mayi.

Hapo ndipo kazi nyingi zinakufa. Mabeseni na viti vingi vya plastiki ni polipropilini. Bidoni za njano na sashe ni polietilini. Kwa macho na kwa mkono zinafanana, lakini fundi akidondosha sashe iliyoyeyuka juu ya ufa wa beseni, kile kipande kitakaa siku chache halafu kitabanduka kama ganda. Kole ya kawaida nayo haisaidii sana, juu plastiki hizi mbili hazikubali gundi kwa urahisi.

Kuitambua plastiki kwa hatua tatu

Hatua ya kwanza ni kusoma. Geuza kitu uangalie chini ao ndani. Vyombo vingi vina pembetatu ndogo yenye namba. Namba 2 na 4 ni polietilini, 5 ni polipropilini, 3 ni PVC, 1 ni plastiki ya chupa za mayi na soda. Kwenye sehemu za gari utaona herufi: PP, ABS, PE ao PC. Pareshoki nyingi zimeandikwa PP pamoja na herufi zingine, maana yake wamechanganya mpira kidogo ili isivunjike upesi.

Kama herufi zimefutika, kata kipande kidogo ukitie ndani ya mayi. Polietilini na polipropilini zinaelea. ABS, PVC na plastiki ya chupa zinazama.

Hatua ya tatu ni kujaribu. Chukua kijiti cha plastiki unayofikiri ni ndugu, kichomelee fasi iliyofichika, ngoja kipoe kabisa, kisha ukivute kwa koleo. Kikibanduka kizima, si ndugu yake. Kikikatika chenyewe na kuacha mzizi wake, endelea na kazi.

Ndiyo maana fundi mwenye akili hatupi pareshoki iliyokufa. Anaikata vijiti, anavifunga kulingana na herufi, na siku kazi inapofika ana dawa yake tayari.

Kazi yenyewe

Kwanza osha kwa sabuni, kausha, na kwangua rangi karibu na ufa. Mafuta, vumbi na rangi vinazuia kushikana. Kisha toboa tundu dogo la milimeta 3 hivi kwenye mwisho wa ufa. Bila tundu hilo, ufa utaendelea kutembea hata kama umefunikwa vizuri.

Baadaye chonga mfereji wenye umbo la V juu ya ufa, ili kijiti kiingie ndani. Kukipaka juu juu tu hakutoshi. Kwa polietilini na polipropilini, hewa inayotoka kwenye mdomo wa mashine iwe karibu na digrii 300. Kwa ABS inapanda kuelekea 350. Lakini namba ya mashine haisemi ukweli siku zote, kwa hiyo tazama plastiki yenyewe. Ikianza kung'aa kama imetoka jasho, iko tayari. Ikitoa moshi ao kuwa kahawia, umepita.

Hewa ipige pande zote mbili, kijiti na mfereji, kwa wakati mmoja. Sukuma kijiti polepole, kwa nguvu sawa kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kisha acha kipoe chenyewe. Kumwagia mayi baridi ili mteja aondoke haraka kunaacha mkazo ndani, na mkazo huo ndio unaopasua tena.

Kwa kukunja ni vilevile. Tiyo ya PVC inaanza kulegea karibu na digrii 80. Ijaze mchanga mukavu ili isibonyee, zungusha hewa ya moto pande zote, kunja, na shikilia mpaka ikauke. Wanaoiweka moja kwa moja juu ya makala wanaona upande mmoja ukiwa mweusi. Hapo ndipo itavuja kesho.

Neno juu ya umeme: mashine nyingi zinakula wati 1500 mpaka 2000. Jenereta ndogo ya wati 900 haiwezi kuibeba. Kwenye mitaa ambako umeme unakuja kwa saa, fundi atayarishe ufa na vijiti mapema, ili umeme ukirudi abaki na kuchomelea tu.

Fasi ambazo fundi anapaswa kukataa

Tangi la mafuta ya gari, na bidoni za wauza mafuta wa pembeni ya barabara, wale watu wanaita Kadafi, zisiguswe na hewa ya moto. Hata tangi likiwa tupu, mvuke wa esansi unabaki ndani na unaweza kulipuka. Kulisuuza mara moja kwa mayi hakutoshi.

PVC ikiungua inatoa gesi inayochoma macho na koo, na ikikutana na unyevu inakuwa asidi. Kashene ya kitambaa inazuia vumbi, haizuii gesi hiyo. Kazi ifanyike inje, upepo ukipeleka moshi mbali, na watoto wasizunguke hapo.

Jambo la mwisho linagusa kila nyumba, kuanzia Lubumbashi mpaka Kalemie, Uvira, Bukavu na Goma, ambako kolera inarudi mara kwa mara. Pipa ao bidoni iliyobeba asidi, dawa ya kuua wadudu ao kemikali nyingine isitumike kwa mayi ya kunywa, hata ikichomelewa vizuri namna gani. Plastiki inakunywa kemikali na kuitoa polepole. Na bidoni safi ya mayi ikichomelewa, mustari wa ndani ulainishwe na chombo kioshwe vizuri, juu uchafu unajificha kwenye mikwaruzo.

Kabla ya kulipa, mteja ana haki ya kuuliza maswali matatu: Papa fundi, hii ni plastiki gani? Kijiti chako kimetoka kwenye plastiki gani? Umetoboa mwisho wa ufa? Akijibu yote matatu bila kusitasita, umwachie kazi. Akisema plastiki zote ni moja, chukua beseni lako, mama, utafute fundi mwingine.