Je, Wajua? Ukumbi Upasuao Nyumba ya Mkulima

Je, wajua ya kuwa nyumba ya kidesturi ya mkulima wa Kisarawe na Kibaha, na ile nyumba ndefu ya mawe ya mkulima wa Dartmoor, Uingereza, ijapokuwa bahari zimezitenga, zote mbili hupasuliwa na njia moja itokayo mlango wa mbele hadi wa nyuma?

Kule Dartmoor, njia hiyo iliwatenga watu, waliokaa upande wa juu wa mteremko, na ng’ombe wao, waliolazwa upande wa chini ili uchafu utiririke nje. Huku Kisarawe na Kibaha, Uzaramoni, ambako kuta husimamishwa kwa miti na fito, kisha zikakandikwa udongo, ukumbi huanzia barazani penye kukirimiwa wageni, ukapita baina ya vyumba, ukaishia uani, ambako jiko na shughuli za nyumbani husitirika.

Na paa la makuti, lishukalo kupita kuta, si pambo tu: huukinga udongo na mvua za masika, na hapo hudhihirika maarifa ya mafundi wetu, yastahiliyo taadhima na kuhifadhiwa.