Kariakoo: Baraza Lilipogeuka Fremu

Aliyehama Kariakoo, Dar es Salaam, miaka ya 1980 akirudi leo kumtafuta shangazi yake Mtaa wa Narung'ombe, majina ya mitaa atayakuta yale yale: Swahili, Sikukuu, Pemba, Mafia, Aggrey. Nyumba ndiyo hataiona. Palipokuwa na nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, korido katikati, jiko na choo uani, sasa pamesimama ghorofa la maduka.

Mageuzi hayo yalianza pale biashara ilipofunguliwa wakati wa Rais Ali Hassan Mwinyi. Bidhaa zikamiminika, mitumba ikarudi, na kila chumba kilichotazama barabara kikapata thamani mpya. Familia nyingi za wenye nyumba, Wazaramo na Wamanyema wakiwemo, ziliuza viwanja. Nyingine ziliingia ubia na wajenzi, mwenye kiwanja akagawiwa sehemu ya jengo. Chumba alichopanga msukuma mkokoteni kikawa fremu, yaani chumba cha duka. Leo mwenye kutaka fremu mtaa wenye watu hulipa kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na mara nyingi hutoa kilemba kwa anayemwachia nafasi. Bidhaa zenyewe hufuatwa na wanunuzi kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Komoro.

Kilichopotea zaidi ni baraza. Ukingo ule wa saruji mbele ya nyumba ulikuwa sebule ya mtaa mzima: hapo wazee walicheza bao, hapo mgeni aliulizwa anatoka kwa nani, hapo posa na misiba ilijulikana kabla ya kutangazwa. Ghorofa jipya halina ukingo huo, kwa kuwa kila futi inayotazama barabara inalipiwa.

Lakini mila ya kukaa pamoja haijafa. Imehamia kwa muuza kahawa. Vifaa vyake havijabadilika: birika juu ya makaa, vikombe vidogo visivyo na mkono, ndoo ya maji ya kusuuzia, na kashata za karanga kwenye sahani. Mteja hunywa, huongeza, kisha hulipa kwa hesabu ya vikombe anayoitaja mwenyewe, na muuzaji huikubali. Katika mitaa ambayo kila bei hujadiliwa, hesabu hiyo haigombewi. Kinachogombewa ni Simba na Yanga, klabu za soka ambazo zote mbili zina majengo yao maeneo haya.

Chakula nacho kimejifunza kupanda ngazi. Zamani mfanyabiashara alimfuata mama ntilie chini ya mti au uani kwa mtu. Siku hizi mwenye fremu ghorofa ya tatu hawezi kuacha duka saa za mauzo, basi mama lishe humfuata yeye. Asubuhi hupita na chupa ya chai, chapati na vitumbua. Mchana hupanda na sahani za wali maharage au ugali samaki zilizofunikwa, akijua nani hali pilipili na nani hulipa jioni akishauza. Pesa nyingi hupita kwenye simu, ila mkopo wa sahani ya wali unabaki kichwani mwa mama. Huo ni uaminifu mkubwa, na haustahili kuitwa biashara ndogondogo.

Nje ya fremu yupo winga. Hana duka, hana mzigo. Ana miguu na ulimi. Humsikiliza mteja anatafuta nini, humpeleka penye bidhaa, na hula kwenye tofauti ya bei.

Katikati ya yote lipo soko kuu, kazi ya msanifu majengo Beda Amuli, lililofunguliwa mwaka 1975. Miavuli yake ya zege inajulikana na kila aliyekulia Dar es Salaam, na mazao yaliuzwa kwa jumla chini kabisa, Shimoni. Usiku wa Julai 10, 2021, moto uliliteketeza, na serikali ikaamua kulikarabati na kujenga jengo jipya pembeni. Novemba 16, 2024, ghorofa la maduka liliporomoka katika mitaa ya Kariakoo na kuua takriban watu 30. Ilikuwa Jumamosi asubuhi, saa za kazi.

Mwaka 2025 Kariakoo ilianza kuhimizwa kufanya biashara saa 24, na taa zikaongezwa barabarani. Ni hatua nzuri. Lakini anayekaa usiku kucha dukani anahitaji kula na kukaa, na aliyejenga ghorofa hakumpangia mama lishe jiko wala muuza kahawa ukingo. Wanaoidhinisha ramani za majengo mapya wadai mambo mawili kabla ya kugonga muhuri: michoro ya nguzo iliyokaguliwa, na sehemu ya chini iliyoachwa wazi kwa watu kukaa na chakula kuuzwa. Majengo bado yanapanda, kwa hiyo nafasi ya kudai hayo ipo sasa.