Betri inasoma volti 12.7, mbona TV inazima saa tatu usiku?

Swali hili hutufikia mara kwa mara kutoka Lingeka na vijiji vingine vya Meatu: nimeuza pamba, nikanunua betri ya N100 kwa ajili ya sola. Dukani waliweka mita, ikasoma volti 12.7. Mbona saa tatu usiku TV inazima?

Mita haikudanganya. Betri ya asidi iliyojaa na kutulia husoma karibu volti 12.7. Shida ni kwamba hata iliyochoka, ikitoka kwenye chaji, inaweza kusoma karibu hivyo hivyo, kwa sababu wakati huo haifanyi kazi yoyote. Ni kama maksai mnadani: amenenepa, anapendeza, lakini nguvu zake utazijua akifungwa plau.

Mafundi wenye vifaa huifunga betri plau kwa mzigo wa kielektroniki. Hiki ni kiboksi chenye feni, kinachonyonya umeme wa betri na kuugeuza kuwa joto, kwa kiwango anachopanga fundi mwenyewe. Kina namna nne za kufanya kazi, na ukichagua isiyofaa unapata jibu lisilofaa.

Kwa betri, namna inayotakiwa ni ya mkondo usiobadilika. Betri nyingi huhesabiwa kwa saa 20, hivyo N100, yaani ya Ah 100, inatakiwa kutoa ampea 5 kwa saa 20. Fundi anapanga ampea 5, kisha anapanga kikomo cha volti 10.5, kiboksi kijizime chenyewe betri isije ikakaushwa. Kikizima baada ya saa 8, hesabu ni 5 mara 8: una betri ya Ah 40, hata lebo iseme nini. Hakikisha pia volti zinapimwa kwenye vichwa vya betri kwa nyaya zake za pembeni. Waya mwembamba hula volti njiani, na betri nzima ikaonekana mbovu.

Namna ya pili ni ya wati zisizobadilika, nayo inafanana na inveta ya nyumbani kwako. TV na vifaa vingine vya wati 120 vinavuta ampea 10 betri ikiwa na volti 12. Ikishuka hadi 10.5 vinavuta zaidi ya 11. Betri inavyochoka ndivyo inavyobebeshwa zaidi, ndiyo maana mwisho wake huja ghafla. Ya ukinzani usiobadilika ni kinyume chake: volti zikishuka, ampea nazo hupungua, kama kwenye hita.

Ya nne, ya volti zisizobadilika, ni ya paneli. Paneli ya wati 100 yenye kilele cha volti 18, ukiishikilia kwenye volti hizo jua la adhuhuri likiwaka, inatakiwa kukaribia ampea 5.5. Usiitumie kwenye betri. Ukipanga volti chini ya zile za betri, kiboksi kitavuta ampea zote kinazoweza.

Huna fundi mwenye kiboksi? Balbu ya taa kubwa ya gari, volti 12 wati 60, huvuta karibu ampea 5. Jaza betri, iache itulie saa chache, kisha uwashe balbu hiyo kwa waya mnene wenye fyuzi ya ampea 10. Iweke mbali na nyasi na godoro, maana inachoma. Andika volti kila saa moja, na uzime zikifika 10.5. Mkondo wa balbu hupungua kidogo volti zikishuka, kwa hiyo hesabu ni ya kukadiria. Lakini tofauti ya saa 20 na saa 8 haihitaji mtaalamu. Kipimo hiki ni cha betri za asidi. Za lithiamu hukaa karibu na volti 13 muda mrefu, kisha huanguka mara moja.

Karatasi hiyo ya saa na volti ipeleke dukani pamoja na risiti na waranti. Ila kwanza ichaji betri siku hiyo hiyo, kwa sababu ya asidi ikilala tupu huharibika, na muuzaji atapata la kusema.