Krimu Bila Maziwa: Nazi na Dengu katika Majiko ya Tabora

Nazi inayouzwa sokoni Tabora imesafiri zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani. Imepita Morogoro, Dodoma na Manyoni, ikifuata kwa karibu mkondo wa njia ya misafara ambayo wapagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 waliipita kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, yaani eneo la Tabora, na Ujiji. Ikifika jikoni huishia kwenye wali, maharage na samaki. Lakini nazi hiyohiyo inaweza kupigwa ikaumuka, ikawa krimu nyeupe ya kupambia keki na matunda, bila tone la maziwa ya ng'ombe.

Wanaoihitaji krimu hiyo si wachache. Takriban theluthi mbili ya watu wazima duniani hupungukiwa na uwezo wa kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, baada ya kuvuka utoto. Wakinywa maziwa, tumbo hujaa gesi na kunguruma, na wengine huharisha. Mwaka 2007 Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudan. Walikuta kwamba wafugaji wengi wa ukanda huu wana mabadiliko ya vinasaba yanayowawezesha kunywa maziwa ukubwani, na kwamba mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya Wazungu. Ndiyo maana majirani wawili wanaweza kunywa chai ya maziwa ya birika moja, mmoja akalala vizuri na mwenziwe akahangaika na tumbo usiku kucha.

Mzio wa protini ya maziwa ni jambo jingine. Huwapata zaidi watoto wadogo, na unaweza kuwa wa hatari. Wapo pia wasiokula kabisa kitu kilichotoka kwa mnyama. Wote hawa hualikwa kwenye harusi, ubarikio na siku za kuzaliwa, na keki ikikatwa huwabidi kukataa.

Kwa mkoa wa Tabora, kuishi bila maziwa mengi si jambo geni. Misitu ya miombo ya Sikonge, Urambo na Kaliua ni makao ya kale ya mbung'o, ambao huwaambukiza ng'ombe nagana na kuwaua. Mtu wa msituni alitegemea karanga kuunga mboga, na asali kupata utamu. Richard Burton na John Speke walipoingia Kazeh, palipo Tabora ya leo, Novemba 1857, walikuta makazi ya wafanyabiashara wa Kiarabu na Kiswahili waliokuwa wamehamishia bara maisha ya pwani, mapishi yao yakiwemo. Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, na bidhaa za pwani zikaanza kufika kwa siku chache badala ya miezi. Tangu hapo jiko la Tabora limekuwa na vyote viwili: mazao ya msitu na tui la pwani.

Sasa, kwa nini nazi iumuke na karanga isiumuke? Jibu liko kwenye mafuta. Krimu ya ng'ombe inayofaa kupigwa huwa na mafuta ya asilimia 30 au zaidi. Inapopigwa, hewa huingia na kufanya mapovu madogo. Chembe za mafuta yaliyoganda hugusana, hushikana na kuyazunguka mapovu hayo, na ukuta huo ndio unaoizuia krimu isishuke. Mafuta yakiwa maji, ukuta haujengeki na hewa hutoroka. Mafuta ya karanga, ufuta na alizeti hayagandi kwa ubaridi wa kawaida wa friji, kwa hiyo hata yakipigwa saa nzima hayatasimama. Mafuta ya nazi huganda yakiwa chini ya nyuzi joto 24 hivi, na ndani ya friji huwa magumu kabisa. Hapo ndipo nazi inapoungana na maziwa na kuziacha mbegu nyingine nyuma.

Mapishi huanzia kwenye mbuzi. Zinakunwa nazi mbili kubwa zilizokomaa, zisiwe madafu wala koroma. Nazi iliyokunwa inamwagiwa maji ya uvuguvugu kiasi cha nusu kikombe tu, inafikichwa vizuri kwa mkono, kisha inakamuliwa kwa kifumbu au kitambaa safi. Maji ya uvuguvugu huyalegeza mafuta yatoke. Maji mengi huliharibu tui kwa shughuli hii. Kinachotafutwa ni kasimele, lile tui la kwanza ambalo wapishi wa pwani hulihifadhi wakalitia chunguni mwishoni. Chicha iliyobaki inaongezwa maji na kukamuliwa tena kwa ajili ya mboga.

Kasimele inafunikwa na kuwekwa kwenye friji usiku kucha. Mafuta, kwa kuwa ni mepesi kuliko maji, hupanda juu na kuganda, na maji hubaki chini. Asubuhi tabaka la juu linachotwa taratibu kwa kijiko bila kukitikisa chombo. Maji ya chini hayamwagwi. Yanafaa kupikia wali au uji.

Bakuli na vyuma vya mashine ya kupigia keki navyo viwekwe kwenye friji kwa nusu saa. Kisha tabaka lile linapigwa kwa mwendo wa kati, dakika mbili hadi nne, mpaka liwe laini na kuacha alama za mashine. Sukari ya unga vijiko viwili vya chakula na vanila kidogo vinaongezwa mwishoni. Sukari ya chembe haiyeyuki vizuri kwenye ubaridi, hivyo krimu hubaki na mchanga mdomoni. Anayetaka asali ya miombo aiweke kidogo, kijiko kimoja, kwa kuwa asali ni kimiminika na ikizidi huilegeza krimu. Mashine ikikosekana, mchapo wa waya unatosha, ila mkono utachoka.

Adui mkubwa Tabora ni joto. Mwezi Oktoba, kabla mvua hazijaanza, mchana hupita nyuzi 30, na krimu ya nazi iliyoachwa mezani huanza kutoa mafuta mapema. Juni na Julai usiku huwa baridi na kazi ni rahisi. Katika miezi ya joto, keki ipambwe alfajiri au usiku, na itolewe kwenye friji wakati wa kukatwa tu. Umeme ukikatika, bakuli la kupigia likalishwe ndani ya sufuria yenye barafu iliyonyunyiziwa chumvi. Chumvi huishusha barafu chini ya nyuzi sifuri, na bakuli hubaki baridi wakati wote wa kupiga. Tui bichi huharibika upesi, hivyo krimu hii iliwe ndani ya siku moja au mbili.

Wengi mjini watapendelea tui la kopo. Kwa mujibu wa kanuni za kimataifa za Codex za mwaka 2003, bidhaa inayoitwa tui la nazi sharti iwe na mafuta yasiyopungua asilimia 10, na krimu ya nazi yasiyopungua asilimia 20. Anayetaka kupiga achague ile ya pili. Kopo lenye vizuizi vingi vya kujitenga, kama vile gamu, huweza kukaa kwenye friji usiku mzima na mafuta yasipande juu. Tui la unga nalo linahitaji tahadhari. Aina nyingi zake hutiwa kaseini, ambayo ni protini ya maziwa. Hali ni hiyohiyo kwa baadhi ya krimu za unga zinazouzwa kama krimu za mimea. Mwenye tatizo la laktosi pengine hatadhurika nayo, lakini mwenye mzio wa maziwa anaweza kuumwa vibaya. Maandishi madogo nyuma ya pakiti yasomwe kila mara.

Krimu za kiwandani zenyewe zina historia ya kuvutia. Mwaka 1945 Robert Rich wa Buffalo, Marekani, alianza kuuza krimu ya kupiga iliyotokana na soya, ya kwanza ya aina yake sokoni. Baadaye viwanda vingi viliegemea mafuta ya kokwa za chikichi, ambayo watu wa Kigoma huyaita mafuta ya mise na kuyatumia zaidi kwa sabuni. Nayo huganda kama ya nazi, na kwa sababu ileile.

Kwa mtu asiyeweza kula nazi, au anayepunguza mafuta, Tabora ina zao jingine la kumfaa. Igunga na Nzega zina udongo mweusi wa mbuga ambako dengu hupandwa mvua zikielekea kuisha na kukua kwa unyevu uliobaki ardhini. Sehemu kubwa huuzwa nje, hasa kwa soko la India. Mwaka 2014 Mfaransa Joël Roessel alionyesha kwamba maji yaliyochemshiwa kunde za namna hii huumuka yakipigwa, na mwaka uliofuata Goose Wohlt wa Marekani akaonyesha kwamba maji ya dengu na sukari peke yake yanatosha kufanya povu gumu linaloshika mahali pa ute wa yai.

Dengu zilowekwe usiku, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha zichemshwe katika maji mapya bila chumvi hadi zilainike. Zipoe ndani ya maji hayo. Yakichujwa, yachemshwe tena hadi yawe mazito kama ute wa yai, yapozwe, halafu yapigwe pamoja na matone ya ndimu kwa dakika kama 10, huku sukari ya unga ikiongezwa kidogo kidogo. Kinachoshikilia mapovu hapa ni protini na wanga wa dengu, na mafuta ndiyo adui: bakuli lenye utando wa mafuta hulivunja povu lote. Povu hili ni jepesi kuliko krimu ya nazi, na hushuka baada ya saa kadhaa. Lipigwe karibu na wakati wa kuliwa.

Krimu ya nazi ina mafuta mengi. Takriban asilimia 90 ya mafuta ya nazi ni yale yaliyoshiba, na Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta ya aina hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwa chakula. Kwa hiyo ni chakula cha sherehe, kijiko kimoja kimoja juu ya vipande vya embe msimu wa Novemba na Desemba, au tabaka jembamba kati ya keki mbili. Waoka keki wa mjini wanaweza kuiweka kwenye orodha yao bila gharama kubwa ya vifaa, kwani mashine na friji tayari wanavyo. La lazima ni kumuuliza mteja mapema kama ni laktosi inayomsumbua au ni mzio. Kama ni mzio, vyombo vilivyogusa siagi na maziwa vioshwe kwanza, na keki yenyewe iokwe kwa mafuta ya alizeti na tui la pili badala ya siagi na maziwa.