Kuvu na Uzio wa Utumbo: Vitenzi vya Kiswahili katika Kueleza Maambukizo

1.0 Utangulizi

Makala hii inaeleza jinsi kuvu ziletazo maradhi zinavyovuka utumbo na kuingia katika damu, na papo hapo inachunguza maneno ambayo Kiswahili kinayo kwa ajili ya maelezo hayo. Hoja inayotetewa ni kwamba tatizo la istilahi katika uwanja huu si uhaba wa maneno, bali ni uteuzi usiozingatia maana. Kiswahili kina vitenzi kadhaa vya kuvuka mpaka, na kila kimoja kina picha yake. Vikitumiwa kiholela, msomaji hupewa picha ya jambo lisilotokea.

Suala lenyewe si la kinadharia tu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa kwa mara ya kwanza orodha ya kuvu zinazostahili kupewa kipaumbele katika utafiti na tiba. Orodha hiyo ina kuvu 19, na nne kati yake zimewekwa katika daraja la juu kabisa. Mojawapo ni Candida albicans, ambayo katika makala hii itaitwa kandida. Kandida huishi katika utumbo wa watu wengi wenye afya njema bila kuwadhuru. Swali la kueleza, basi, ni jinsi mkazi huyo mtulivu anavyogeuka kuwa adui.

2.0 Kuvu, Sumu na Maambukizo

Katika mazungumzo ya kila siku, neno "ukungu" hutumika kwa kile kiotacho juu ya mkate uliolala, "hamira" kwa kile kiumuacho unga, na "fangasi" kwa maradhi ya ngozi na ya sehemu za siri. Msemaji wa kawaida havihusishi vitu hivi vitatu. Mwanasayansi huviweka vyote chini ya neno moja, "kuvu". Ujumuishaji huo ni sahihi, lakini unazaa utata wa aina nyingine.

Mfano mzuri ni istilahi "sumukuvu", ambayo imeenea Tanzania kwa maana ya sumu itengenezwayo na kuvu katika nafaka na karanga zilizohifadhiwa vibaya. Mwaka 2004 sumu ya aina hiyo katika mahindi iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya, na 125 kati yao wakafariki dunia. Mwaka 2016 maafa kama hayo yalitokea Dodoma na Manyara. Katika matukio hayo kilichovuka utumbo ni kemikali, si kiumbe hai. Kupika hakuiondoi sumu hiyo, ingawa moto unaweza kuiua kuvu iliyoitengeneza.

Kwa kandida mambo ni kinyume. Kinachovuka ni kiumbe chenyewe, kikiwa hai na chenye uwezo wa kuzaliana. Tena kwa kawaida hakikutoka katika chakula kilichoota ukungu. Kilikuwamo mwilini tangu zamani. Mgonjwa aambiwaye tu kuwa "kuvu imeingia kutoka tumboni" anaweza kudhani kuwa alikula chakula kibovu, na aliyempikia akabebeshwa lawama isiyo yake. Kwa hiyo inafaa istilahi "sumukuvu" ibaki kwa sumu peke yake, na "maambukizo ya kuvu" yatajwe pale tu kiumbe hai kinapohusika.

3.0 Ukuta au Uzio?

Vitabu vingi hutumia neno "ukuta" kwa tabaka linalotenga yaliyomo utumboni na damu. Ukuta, katika fikra ya Mswahili, ni kitu kizima kisichopitisha kitu. Utumbo hauko hivyo. Kazi yake kuu ni kupitisha maji na virutubisho, na wakati huo huo kuzuia vijidudu. Kizuizi hicho kina sehemu kadhaa: ute unaofunika uso wa ndani, safu moja tu ya seli zilizobanana, protini zinazoua vijidudu, na seli za kinga zilizo chini yake. Seli za safu hiyo hufa na kubadilishwa kila baada ya siku chache.

Picha iliyo karibu zaidi na hali hiyo inapatikana pwani ya mashariki ya Unguja, katika vijiji vya wavuvi kama Uroa. Huko wando unafahamika: uzio wa fito zilizofungwa pamoja na kusimamishwa katika maji machache. Maji yanapojaa, samaki huingia. Yanapotoka, maji hupenya kati ya fito na samaki hubaki. Uzio huo haufanyi kazi kwa kuzuia kila kitu, bali kwa kuchagua. Fito zikivunjika au kamba zikilegea, kilichopaswa kubaki hutoka pamoja na maji. Kwa sababu hiyo, makala hii inapendekeza "uzio wa utumbo" kuwa istilahi bora kuliko "ukuta wa utumbo" pale inapozungumziwa kazi ya kuzuia vijidudu. "Ukuta" ubaki kwa maana ya kianatomia, yaani unene wote wa utumbo pamoja na misuli yake.

4.0 Vitenzi vya Kuvuka

Kwamba kandida inaweza kuvuka uzio huu kulidhihirishwa na jaribio lililoripotiwa mwaka 1969 katika jarida la kitabibu la Lancet. Mtu mwenye afya alimeza kiasi cha gramu 80 za kandida. Saa chache baadaye kuvu hai ilipatikana katika damu na katika mkojo wake, naye akapata homa. Alipona. Jaribio lilithibitisha kuwa kuvu inavuka, lakini halikueleza inavukaje. Hapa ndipo vitenzi vinapohitajika.

Kitenzi cha kwanza ni "kuvushwa". Mofolojia yake inabeba maelezo: mzizi -vuk- umepata umbo la kusababisha, kisha la kutendwa, na hivyo kudokeza kuwa yupo mwingine afanyaye kazi ya kuvusha. Ndivyo inavyotokea kuvu inapoishika seli ya mwili, nayo seli ikaikunjia utando wake na kuimeza. Katika utumbo zipo pia seli maalumu, zijulikanazo kama seli M, ambazo kazi yake ni kuchukua vijidudu na kuvikabidhi kwa seli za kinga zivichunguze. Mlango huo uliowekwa na mwili kwa ajili ya ulinzi unaweza kutumiwa na kuvu.

Kitenzi cha pili ni "kupenya", yaani kupita mahali pembamba bila lazima ya kuharibu. Kandida ina maumbo mawili makuu: umbo la duara, kama hamira, na umbo la nyuzi ndefu. Ni katika umbo la nyuzi ambapo huusukuma uzio, ikipita katikati ya seli au ndani yake.

Kitenzi cha tatu ni "kutoboa". Mwaka 2016 watafiti walitangaza katika jarida la Nature kuwa nyuzi za kandida hutoa sumu iitwayo kandidalisini, yenye asidi amino 31, ambayo hutoboa utando wa seli. Utafiti uliofuata mwaka 2018, uliotumia seli za utumbo zilizooteshwa maabara, ulionyesha kuwa njia kuu ya kuvuka ilikuwa kupitia seli zilizouawa kwa namna hiyo.

Tahadhari inahitajika hapa. Madaktari husema "utumbo umetoboka" kwa maana ya tundu katika unene wote wa utumbo, kama itokeavyo katika homa ya matumbo iliyozidi, na hali hiyo hudai upasuaji wa haraka. Ni lazima basi kitenzi kifuatwe na yambwa yake kamili: kuvu "hutoboa utando wa seli", "haitoboi utumbo". Kuliacha neno "seli" ni kumtisha mgonjwa bure.

5.0 Masharti ya Kuvuka

Ikiwa kandida ina uwezo wote huo, kwa nini wengi hawaugui? Majaribio ya panya na uzoefu wa hospitalini vinaonyesha kuwa mambo matatu huelekea kukutana. Kwanza, dawa za kuua bakteria hupunguza bakteria waishio utumboni, ambao kwa kawaida huibana kuvu, nayo ikapata nafasi ya kuzidi. Pili, uzio hujeruhiwa, kwa mfano kwa upasuaji mkubwa wa tumbo au kwa dawa za saratani. Tatu, chembe nyeupe za damu zinazomeza vijidudu hupungua, na kuvu iliyovuka ikakosa wa kuizuia isifike kwenye ini, wengu na figo.

Neno "kinga" nalo lisichukuliwe kama kitu kimoja. Wagonjwa wengi wa UKIMWI wasiopata tiba huota utando mweupe wa kandida mdomoni na kooni, lakini ni nadra kandida kuenea katika damu yao kwa sababu ya UKIMWI peke yake. Kinga inayolinda uso wa ndani wa mwili na ile inayolinda damu hutegemea seli tofauti. Kauli "kinga imeshuka" haitoshi; sharti isemwe ni kinga ipi.

6.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kuwa neno "sumukuvu" lina mpaka wake, kuwa "uzio" hueleza kazi ya utumbo vizuri kuliko "ukuta", na kuwa "kuvushwa", "kupenya" na "kutoboa" ni njia tatu tofauti, si visawe. Tofauti hizo hazikubuniwa katika kamati ya istilahi. Zimo katika matumizi ya wasemaji wenyewe. Faida yake inaonekana kwa mgonjwa. Aliyeelewa kuwa kandida kuonekana katika choo si lazima iwe maradhi hatakimbilia dawa ya kuimaliza, na aliyeelewa kuwa bakteria wa utumbo ni sehemu ya uzio atasita kununua dawa za kuua bakteria bila ushauri wa daktari. Ni wajibu wa wanaisimu kushirikiana na matabibu ili maneno hayo yawafikie wagonjwa yakiwa na maana zake kamili.