Habari ya Msiba wa Hinawa, Inavyotolewa Embu

Mtu anayempelekea mwenzake habari ya kifo cha mkewe aanzie wapi? Katika gemu ya Kijapani iitwayo Mother 3, mhunzi wa kijiji, Bronson, anaanza na habari njema. Anamwambia rafiki yake Flint kwamba amekuja na mambo mawili. La heri ni kwamba ameokota jino la mnyama mkubwa, jino linaloweza kuwa silaha kali. La shari ni mahali alipolikuta: lilikuwa limemchoma Hinawa, mke wa Flint, moyoni.

Fundi mmoja wa simu mjini Embu amekataa kuitoa habari hiyo hivyo. Ana kibanda Majengo, cha mabati, chenye meza ya kuchomelea waya, kabati la vioo vya simu na televisheni kuukuu ambayo jioni huiunganisha na simu yake ili gemu ionekane kwa ukubwa. Wateja wanamwita Fundi, naye aliomba nami nimwite vivyo hivyo. Kwao ni Nkubu, upande wa Meru. Nyumbani anazungumza Kimeru, na wateja wengi wanamsemesha Kiembu naye akajibu bila taabu, lakini gemu huisimulia kwa Kiswahili kwa sababu benchi lake halina kabila moja. Watu wa bodaboda hukaa hapo wakisubiri abiria, wanafunzi hupitia wakitoka chuoni, na mama muuza uji wa jirani husogeza kigoda chake akishafunga biashara. Hakuna anayelipa. Wanakuja kusikiliza.

Nilipomsikia akifika kwenye msiba wa Hinawa ndipo niliposhikwa na habari hii, na sijaweza kuiacha.

Kwanza mtu aelewe shida yake. Picha haibadiliki. Bronson atasimama palepale kando ya moto ambapo wanakijiji wanajikausha baada ya mvua, Flint atasimama mbele yake, na maneno yatajitokeza ndani ya kisanduku chini ya kioo, yakifunguka na kujifunga kila kitufe kinapobonyezwa. Fundi hawezi kuongeza kisanduku wala kupunguza. Anachoweza ni kuamua kila kisanduku kibebe nini, na abonyeze kwa mwendo gani. Kwa hiyo visanduku vya kwanza, ambavyo kwa Kiingereza ndivyo vyenye habari njema na utani mchungu wa yule mhunzi, yeye huvijaza salamu. Bronson wake anawaamkua waliopo. Anauliza kama watoto wamepata nguo kavu. Kisha anasema wamefika kule juu mlimani, na njia imeharibika. Kisha anasema mama watoto wamemwona.

Hapo Fundi hunyamaza, kidole kikiwa juu ya kitufe.

Hasemi wamemwona akiwa hai wala akiwa amekufa. Kwa watu wa benchi lile haihitajiki. Mama muuza uji alishika kichwa kabla jino halijatajwa, na kijana mmoja wa bodaboda alivua kofia. Jino lilikuja mwisho kabisa, kwa sauti ya chini, kama jambo ambalo mleta habari angependa kulificha lakini hawezi kwa kuwa mwenye msiba ataliona mwenyewe. Kinachofuata ni vitendo zaidi kuliko maneno: Flint anapiga magogo ya moto kwa ubao, anawapiga na wale wanaojaribu kumshika, mpaka rafiki yake mmoja anamwangusha kwa pigo la mti. Anaamkia ndani ya jela ya kijiji, jela ambayo haijawahi kufungiwa mtu. Muda huo wote Fundi hakusema neno. Alisubiri.

Nilimuuliza anapata wapi ruhusa ya kumbadilisha Bronson. Jibu lake lilikuwa kwamba hakumbadilisha, amemleta. Anasema alipokuwa mtoto Nkubu aliona jinsi habari ya kifo cha babu yake ilivyofika nyumbani: kwanza walikuja wazee wawili, wakaomba maji, wakauliza habari za ng'ombe. Bibi alijua tangu alipowaona langoni. Fundi anashikilia kwamba kama angemwacha mhunzi atangulize habari njema, benchi lote lingemchukia Bronson, na huyo si mtu wa kuchukiwa. Anampenda Flint. Hajui tu aanzeje. Kijapani kilimpa njia moja ya kutojua, na Kiingereza kikaifuata. Yeye anampa ya huku.

Na hapa ndipo mambo yanaponitatiza, kwa maana huyuhuyu anayeweza kufanya kazi hiyo kwa Kiswahili anasubiri toleo rasmi la Kiingereza. Analisubiri kwa hamu. Kila Nintendo, wenye gemu hiyo, wanapotangaza gemu zijazo, yeye hukesha akiangalia kama jina la Mother 3 litatajwa.

Historia yenyewe inajulikana na wapenzi wa gemu. Mwandishi wake ni Shigesato Itoi, aliyejijengea jina Japani kwa kuandika matangazo ya biashara na insha. Mother ya kwanza ilitoka mwaka 1989. Ya pili ilitoka 1994, ikafika Marekani mwaka uliofuata kwa jina EarthBound na haikuuzika vizuri. Ya tatu ilianza kutengenezewa mashine ya Nintendo 64, kazi ikavunjwa mwaka 2000, ikafufuliwa, na hatimaye ikatoka Japani tarehe 20 Aprili 2006 kwa ajili ya Game Boy Advance, kimashine ambacho wakati huo kilikuwa kimeshapata mrithi. Tafsiri rasmi ya Kiingereza haikutolewa. Mashabiki waliandika, wakakusanya sahihi, wakasihi. Mwishowe waliamua kujifanyia. Kundi lililoongozwa na Clyde Mandelin, Mmarekani ambaye kutafsiri Kijapani ndiyo kazi yake ya kila siku, lilitoa tafsiri kamili Oktoba 2008, bure, na katika wiki ya kwanza ilipakuliwa zaidi ya mara 100,000. Mwaka 2013 Mandelin alijitolea kuwapa Nintendo kazi yote waitumie bila malipo. Haikutumika.

Fundi anaizungumzia kazi ya Mandelin kwa heshima ambayo mafundi huwekeana. Sehemu anayoipenda si maneno, ni ufundi uliokuwa chini yake. Herufi za Kijapani katika gemu zinakaa kila moja katika nafasi yenye upana uleule, kwa hiyo programu iliyoandikwa kuzipanga haikujua kwamba herufi i ni nyembamba na m ni pana. Ilibidi wale watu waingie ndani ya programu waifundishe kupima upya, la sivyo Kiingereza kingetawanyika kama meno yaliyong'oka. Na walichosambaza hakikuwa gemu. Kilikuwa kiraka, faili dogo lenye tofauti tu kati ya toleo la Kijapani na lile walilolirekebisha. Anayetaka kucheza atafute mwenyewe gemu halali, kisha abandike kiraka juu yake.

Fundi hana gemu halali. Hakunificha. Aliyo nayo aliipata kwa njia ambayo wengi wa huku wanaipata, ikapita simu hadi simu, na jambo hilo linamkera kuliko nilivyotarajia. Anasema mtu aliyeandika kile kisa cha Hinawa anastahili kulipwa, na yeye angependa mara moja katika maisha yake alipie kitu alichokipenda. Ndiyo sababu anasubiri toleo rasmi ingawa Kiingereza tayari anacho, tena kizuri. Anataka risiti.

Sidhani kama ataipata kwa urahisi hata toleo hilo likija. Kwa miaka mingi wachezaji wa Kenya wamekuwa wakijiandikisha katika maduka ya mtandaoni ya kampuni za gemu kwa anwani za Marekani, Uingereza au Afrika Kusini, kwa kuwa nchi yao haikuwemo kwenye orodha. Mtu wa Makutano, Meru, anajaza kwamba anaishi Texas, kisha ananunua kadi ya malipo kwa dalali anayepokea M-Pesa. Pesa yake inaingia, lakini inahesabiwa ni ya Texas. Wakubwa wa kampuni wakikaa kujadili kama kuna haja ya kutafsiri gemu fulani, wanatazama mauzo, na katika mauzo hayo Embu haipo. Mashabiki wa Marekani walipokusanya sahihi zao angalau walikuwa wanabisha mlango wa nyumba iliyojua kwamba wapo.

Matumaini ya Fundi yana misingi, na anaitaja kwa tarehe. Seiken Densetsu 3 ilitoka Japani 1995, mashabiki wakaitafsiri mwaka 2000, na toleo rasmi la Kiingereza likaja 2019, kwa jina Trials of Mana. The Great Ace Attorney ya 2015 ilifika kwa Kiingereza 2021. Februari 2022 Nintendo waliziweka Mother mbili za mwanzo kwenye huduma ya mashine yao ya Switch kwa ajili ya dunia nzima ya Kiingereza. Februari 2024 wakaiweka na ya tatu, lakini Japani peke yake. Siku hiyo, anasema, alifunga kibanda mapema.

Kuna jambo moja analorudia, nami naona ana haki. Lucas, mtoto wa Hinawa, amekuwa akiuzwa kwa Kiingereza tangu 2008 katika gemu ya ngumi ya Super Smash Bros., ambako wahusika wa gemu mbalimbali za Nintendo hupigana. Mtoto wa Meru anaweza kumchagua Lucas na kumpigisha mateke bila kuambiwa kamwe kwamba huyu ni yatima, wala yatima wa nani.

Kazi ya Fundi ina ukoo mrefu. Wakenya wanaijua sauti ya DJ Afro juu ya filamu za mapigano, na waliokulia Tanzania wanamkumbuka Lufufu, Kapteni Derek Mukandala, aliyezifasiria Kiswahili filamu za nje, akifafanua na kuongeza yake. Uganda wanao akina VJ Jingo. Hao wote hawakusubiri mwenye filamu aje. Lakini filamu inaenda yenyewe, msimuliaji anaikimbilia. Gemu inamsubiri mtu abonyeze. Nadhani ndiyo maana Fundi anaweza kunyamaza pale anaponyamaza.

Benchi linaisubiri zaidi sura ya nne. Tazmily, kijiji cha kina Flint, hapo mwanzo hakijui pesa. Mtu akihitaji kitu anapewa. Miaka mitatu baadaye kila kitu kinauzwa, karibu kila nyumba ina sanduku linalomulika ambalo watu hukaa wakilitazama, na wazee wamehamishiwa nyumba moja mbovu inayovuja. Mama muuza uji anasema sehemu hiyo haihitaji kusimuliwa. Vijana hawakubaliani naye: wanauliza ilikuwaje watu wasio na pesa walipe ada za shule. Fundi huwaacha wabishane. Mimi nilikaa upande wa mama, ingawa swali la vijana sikuweza kulijibu.

Ana daftari la kurasa mia mbili, la mraba, ambalo anaandikia Kiswahili cha gemu, kisanduku kwa kisanduku. Mraba unamsaidia kuhesabu herufi. Kisanduku kina mistari mitatu tu, na Kiswahili hupenda kubeba sentensi nzima ndani ya neno moja refu, kwa hiyo mstari unajaa kabla hajamaliza alichotaka kusema. Amejifunza kukata. Akikata mno, wahusika wanaanza kuzungumza kama matangazo ya matatu, kwa hiyo anafuta na kuanza upya. Kurasa za mwanzo zimechanika kwa raba.

Je, toleo rasmi la Kiingereza likija kesho ataendelea na daftari? Alifikiri kwanza. Akasema huenda akaacha, maana atakuwa ameshapata alichokitaka. Kisha akasema huenda ndipo atakapoanza kweli, kwa kuwa hatakuwa tena anatafsiri kitu alichokichukua kwa mlango wa nyuma. Nilimuuliza pia kama Nintendo wangemruhusu. Sheria haziko upande wake, na ukimya wa kampuni kwa kina Mandelin haumpi mtu wa Majengo kinga yoyote. Analijua hilo. Hakuna aliyemwomba kazi hiyo na hakuna atakayemlipa.

Kwa sasa amekwama sura ya pili, kwa mzee Wess. Huyu ana mtoto wake, Duster, mtu mzima mwenye mguu mbovu, na kila mzee akifungua kinywa humwita mwanawe mpumbavu. Kwa Kiingereza ni kichekesho, na chini ya kichekesho kuna upendo wa mzee asiyejua kusema vingine. Fundi aliisoma kwa benchi jinsi ilivyo, na hakuna aliyecheka. Kijana mmoja aliinuka akaenda zake. Tangu hapo amejaribu kumfanya mzee amwite mwanawe kwa jina la babu, kwa kejeli, kama wazee wa kwao wanavyofanya wakikasirika. Amejaribu pia kumfanya Wess alalamike kwa majirani badala ya kumtukana mtoto usoni. Mama muuza uji anataka tusi libaki, kwa kuwa wapo baba wa namna hiyo na watoto wao wamekaa kwenye benchi hilihili. Watu wa bodaboda wanataka litoke. Fundi ameacha visanduku vyote vya Wess wazi katika daftari, akaendelea na vya Duster.