Tarehe 30 imo au haimo?

Tangazo la kazi limeandikwa kwa Kiingereza: maombi yapokelewe "before 30 June 2025". Mwombaji anafika na bahasha yake asubuhi ya Jumatatu, tarehe 30, akiamini amewahi. Kumbe amechelewa. Neno "before" linaiacha nje siku iliyotajwa, kwa hiyo mlango ulifungwa Jumapili, tarehe 29. Kama mwenye tangazo alikusudia kupokea bahasha mpaka Jumatatu jioni, alipaswa kuandika "on or before", au "no later than".

Maneno ya Kiingereza ya kulinganisha tarehe si mengi, na mengi hufundishwa shule ya msingi. Ugumu wake uko mpakani: siku yenyewe inahesabiwa au haihesabiwi? "After 1 July" inaanzia tarehe 2. "From 1 July" kwa mazoea huanzia tarehe 1, lakini kwa kuwa neno hilo limezua ubishi, wanasheria waangalifu huandika "from and including". "Between 1 and 5 July" nayo haisemi kama ncha zake mbili zimo. Wamarekani hulimaliza suala hilo kwa neno moja, "through": wakiandika "July 1 through July 5", tarehe 5 imo.

Kwa anayefikiri kwa Kiswahili, mtego mkubwa ni "by" na "until". "Hadi" yetu hubeba yote mawili: ofisi itakuwa wazi hadi Ijumaa, na fomu zirudishwe hadi Ijumaa. Kiingereza hutenganisha. Jambo linaloendelea mfululizo huchukua "until". Tendo la mara moja lenye kikomo huchukua "by". Anayeandika "return the forms until Friday" anamwambia msomaji aendelee kuzirudisha mpaka siku hiyo ifike.

Siku zikihesabiwa kwa idadi, kama "within 10 days", sheria huingilia kati. Nchini Kenya, kifungu cha 57 cha Sura ya 2 ya sheria kinasema siku ya tukio lenyewe haihesabiwi, na kipindi kikiishia Jumapili au sikukuu ya taifa, kinasogea hadi siku inayofuata, isipokuwa sheria husika imeelekeza vingine. Chukua mtu aliyepewa siku 10 kuanzia Alhamisi, 5 Juni 2025. Hesabu yake inaanza Ijumaa, tarehe 6, na siku ya kumi inaangukia Jumapili, tarehe 15. Ana nafasi mpaka Jumatatu, tarehe 16.

Kuna maneno yanayowagawa hata Waingereza na Wamarekani wenyewe. Mkutano wa Jumatano ukiwa "moved forward two days", utafanyika Jumatatu au Ijumaa? Wanasaikolojia wamewauliza watu wengi swali hili, na majibu hugawanyika. Katika utafiti wa Lera Boroditsky na Michael Ramscar uliochapishwa mwaka 2002, waliotoka kushuka kwenye ndege walielekea kujibu Ijumaa zaidi kuliko waliofika uwanjani kupokea wageni. Ni salama zaidi kusema "postponed" mkutano ukicheleweshwa, au "earlier" ukiwahishwa, kisha kuitaja siku mpya. Kiingereza cha India kimejiundia neno lake la kuwahisha, "prepone".

Kompyuta nazo zina balaa lake. Excel huihifadhi kila tarehe kama namba: 1 Januari 1900 ni 1, na 1 Januari 2024 ni 45,292. Kwa mashine, basi, tarehe ya baadaye ni "greater". Lakini mwenye tarehe kubwa ya kuzaliwa ndiye mdogo kwa umri! Fomu inayotaka watu waliotimiza miaka 18 ifikapo 1 Julai 2025 inatafuta tarehe ndogo, yaani waliozaliwa "on or before 1 July 2007". Ndiyo maana "earlier" na "later" hufaa kwa tarehe, na "older" na "younger" zikabaki kwa watu.

Lugha ya programu ya Java, tangu toleo la 8 la mwaka 2014, ina amri za isBefore, isAfter na isEqual kwa kazi hii. Haina amri moja ya "kabla ya siku hiyo au siku hiyo hiyo". Anayetengeneza programu ya mikopo na kutumia isBefore peke yake atamtoza faini mteja aliyelipa siku ya mwisho yenyewe. Njia iliyozoeleka ni kuuliza kinyume: je, malipo hayakuja baada ya tarehe ya mwisho? Hiyo ndiyo "no later than" ya wanasheria, kwa sura nyingine.

Hubaki usiku wa manane. "Midnight on Friday" yaweza kuwa mwanzo wa Ijumaa au mwisho wake. Mwandishi wa habari wa Kiswahili ataandika "usiku wa kuamkia Ijumaa" na wasomaji wataelewa ni usiku upi. Kwa Kiingereza, NIST, taasisi ya viwango na vipimo ya Marekani, inashauri kuliacha neno hilo na kuandika "11:59 p.m." au "12:01 a.m.", pamoja na tarehe yake.